Diski iliyotolewa kwenye RAID si lazima iwe imekufa

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina seva ndogo nyumbani yenye diski nne za TB 4 kila moja, nimeziunganisha kwa mdadm, programu ya Linux ya kusimamia RAID, kama RAID 5, yaani safu moja inayoendelea kufanya kazi hata ikipoteza diski moja. Ndani ya miaka mitatu diski tatu zimenifia. Kila moja ikitolewa kwenye safu, nanunua nyingine na safu inajengwa upya. Mwezi uliopita ujenzi ulipofika asilimia 71, diski ya pili nayo ikatolewa na safu yote ikaanguka. Picha za familia nilikuwa na nakala yake, mengine nimepoteza. Hizo diski tatu bado ziko kwenye droo. Moja nimeipima: sekta zilizohamishwa 0, zinazosubiri 8, makosa ya CRC 214. Nifanye nini ili diski zisiwe zinakufa ovyo hivi?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Kukesha ukitazama asilimia zinapanda, kisha safu ikaanguka zikiwa zimebaki saa mbili tu, ni jambo linaloumiza. Limewahi kunikuta, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Nianze na hizo namba ulizopima, maana zinasema jambo ambalo hukulitarajia. Kwa namba hizo, sidhani kama diski hiyo imekufa. Sekta zilizohamishwa ni 0, yaani diski haijawahi kulazimika kutumia hata sekta moja ya akiba. Zile 8 zinazosubiri huenda ni doa moja tu. Diski nyingi za siku hizi huandika kwa sekta za baiti 4096, lakini hujitambulisha kwa kompyuta kana kwamba sekta zake ni za baiti 512. Sekta moja ya kweli ikigoma kusomeka, hesabu inaruka kwa 8. Na makosa 214 ya CRC hayatoki kwenye sahani za diski kabisa: yanatokea njiani, data inapopita kwenye kebo kati ya diski na ubao mkuu wa kompyuta.

Kuna hesabu nyingine inayonifanya nishuku kitu kingine ndani ya sanduku lako. Mwaka 2007 Bianca Schroeder na Garth Gibson walichapisha uchunguzi wa diski zipatazo 100,000 zilizokuwa zikifanya kazi kweli. Makaratasi ya watengenezaji yalimaanisha kwamba zinazokufa zisizidi asilimia 0.88 kwa mwaka. Walichokuta ni kwamba diski zilizobadilishwa kwa mwaka zilikuwa kwa kawaida asilimia 2 hadi 4, na mahali pengine zilifika 13. Sasa piga hesabu yako: diski nne kwa miaka mitatu. Kwa asilimia 4 ungetarajia kubadilisha chini ya diski moja. Hata ukichukua ile 13 mbaya kabisa, zinakuja kama moja na nusu. Wewe umebadilisha tatu, na ya nne ikagoma katikati ya ujenzi. Hiyo si bahati mbaya ya diski. Kuna kitu kinazitoa.

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Diski kufa ni jambo moja, na diski kutolewa kwenye safu ni jambo jingine. Kwenye seva za nyumbani nilizowahi kufungua, nyingi kati ya diski nilizoambiwa zimekufa zilikuwa zimetolewa tu, na zikiunganishwa peke yake kwenye kompyuta nyingine zinasomeka kama kawaida.

Tazama jinsi zinavyotolewa. Diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani ikikutana na sekta isiyosomeka haikati tamaa upesi. Imeundwa ikijua kwamba iko peke yake, na ikishindwa hakuna mwingine wa kuileta data hiyo. Basi inarudi palepale tena na tena, inasogeza kichwa kidogo huku, kidogo kule, na inaweza kuhangaika hivyo kwa dakika mbili au zaidi. Muda wote huo haiitikii amri nyingine. Upande wa pili kerneli, yaani kiini cha Linux, inahesabu, na bila kubadilishwa huwa inasubiri sekunde 30 tu. Zikiisha, inaona diski imeganda, inakata mawasiliano na kuyaanzisha upya. Diski bado imezama kwenye sekta yake, haisikii.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Sehemu ya kerneli inayosimamia RAID, yaani md, ilikuwa tayari kufanya jambo la busara sana: kusoma vipande kutoka diski tatu nyingine, kukokotoa kile kilichokosekana, na kukiandika upya juu ya lile doa. Uandishi huo ndio dawa. Diski ikiandikiwa sekta inayosubiri, ama sekta inapona ama inahamishiwa kwenye akiba, na kazi inaendelea bila wewe kujua. Lakini sasa md inaandika na diski haijibu. Uandishi umeshindwa, na kwa md, diski iliyoshindwa kuandika ni diski mbovu. Inatolewa. Doa la baiti 4096 limeondoa TB 4 nzima kwenye safu.

Diski zinazouzwa kwa ajili ya RAID na seva za nyumbani hupangwa kukata tamaa mapema, kwa kawaida baada ya sekunde 7, zikijua kwamba wenzao watasaidia. Ukitaka kujua diski zako ziko upande gani, uliza kila moja:

smartctl -l scterc /dev/sda

Ikijibu kwamba uwezo huo upo lakini umezimwa, uwashe hivi (namba 70 ni sehemu za kumi za sekunde, yaani sekunde 7):

smartctl -l scterc,70,70 /dev/sda

Ikijibu kwamba haina uwezo huo kabisa, basi geuza upande wa pili. Ifanye kerneli iwe na subira kuliko diski:

echo 180 > /sys/block/sda/device/timeout

Mpangilio wa kerneli hupotea kila unapowasha mashine upya, na ule wa diski, kwa nyingi, hupotea umeme ukikatika. Kwa hiyo viandike kwenye skripti inayojiendesha mashine inapowaka, kwa diski zote nne. Kabla hujanunua chochote, kabla hujafungua sanduku, fanya hili. Sijui badiliko jingine dogo kiasi hiki ambalo limeokoa safu nyingi za watu kuliko hili, na inanisikitisha kwamba mtu anaweza kujenga RAID yake kwa kufuata maelekezo mazuri kabisa bila kuambiwa habari hii.

Sasa zile CRC 214. Namba 199 kwenye orodha ya SMART, yaani vipimo ambavyo diski hujiwekea yenyewe, huhesabu vifurushi vya data vilivyofika vikiwa vimeharibika. Huwa hairudi 0 hata ukirekebisha kebo, kwa hiyo usiitazame kwa ukubwa wake. Itazame kama inasogea. Iandike leo, iangalie baada ya wiki. Ikiwa imesimama, tatizo lilikuwa la zamani. Ikiwa inapanda, badilisha kebo, na ikiendelea kupanda, hamisha diski kwenye tundu jingine la ubao.

Nilikuwa na seva ambayo diski moja ilitolewa mara mbili ndani ya miezi mitano, na mara zote mbili diski yenyewe ilipimwa ikakutwa nzima. Mara ya tatu sikuichomoa. Niliacha mfuniko wa sanduku wazi, nikaiacha safu ijisome huku nikitazama logi. Haikutoa hata kosa moja usiku kucha. Nikarudisha mfuniko, na kabla ya dakika kumi kupita makosa yakaanza kumiminika. Mfuniko ulikuwa unabana shingo ya kebo ya SATA pale inapoingia kwenye diski, kiasi cha kuinamisha kiunganishi upande mmoja. Kwa macho huwezi kuona chochote. Nilibadilisha ile kebo kwa yenye kichwa kilichopinda, na namba 199 imesimama tangu siku hiyo. Kebo ni kitu cha kwanza ninachobadilisha siku hizi, wala sisubiri ushahidi mwingi.

Umeme nao huleta dalili zinazofanana. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta takriban ampea 2 kwenye waya wa volti 12, kwa hiyo nne zikiwaka pamoja ni kama ampea 8, karibu wati 100, kwa sekunde chache. Pawasaplai iliyochoka, au kigawanyo kimoja cha waya kinacholisha diski zote nne, kinaweza kuyumba, na diski iliyo mwishoni mwa waya ikajizima na kujiwasha. Namna ya kugundua ni rahisi: linganisha namba 12, yaani mara ambazo diski imewashwa, kwa diski zilizoanza kazi siku moja. Zinapaswa kukaribiana sana. Ukikuta tatu zina 40 na moja ina 190, hiyo moja imekuwa ikikatiwa umeme bila wewe kujua. Gawa mzigo kwenye nyaya mbili tofauti zinazotoka kwenye pawasaplai yenyewe, na epuka vigawanyo vya bei rahisi ambavyo plastiki yake imemiminwa juu ya nyaya, maana vimewahi kuungua. UPS, yaani betri ya akiba, ni muhimu pia, kwa sababu umeme ukikatika ghafla katikati ya uandishi, data na pariti yake, ile hesabu ya akiba inayotumika kukokotoa kilichokosekana, zinaweza kuachana.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye sababu iliyoangusha safu yako pale kwenye asilimia 71, na ningependa uielewe vizuri kuliko zote.

Fikiria faili uliyoiandika miaka miwili iliyopita na hujaifungua tena. Sekta zake ziko pale kwenye sahani, na moja kati yake imeharibika kimyakimya. Hakuna anayeisoma, kwa hiyo hakuna anayejua. Diski inaonekana nzima na safu inaonekana nzima. Kisha diski nyingine kabisa inatolewa, kwa kebo au kwa lolote lile. Unaweka mpya. Ili kuijaza, md lazima isome kila sekta ya diski tatu zilizobaki, tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili inagusa ile sekta mbovu. Sasa hakuna wa kusaidia, kwa sababu akiba yote ya RAID 5 ni diski moja, na hiyo moja umeshaitoa. Kwa hiyo diski ya pili haikuharibika wakati wa ujenzi. Yamkini ilikuwa na doa siku nyingi, ujenzi ndio uliolikuta.

Dawa yake ni kuisoma safu yote mara kwa mara wakati diski zote bado zipo, ili kila doa likutwe likiwa na wa kulitibu:

echo check > /sys/block/md0/md/sync_action

Kwa diski ya TB 4 inayosoma MB 150 kwa sekunde, kazi hii huchukua kama saa saba na nusu, na unaweza kuitazama kwenye /proc/mdstat. Debian na jamaa zake kati ya matoleo ya Linux huja na ratiba ya kufanya hivyo mara moja kwa mwezi, lakini usiichukulie kwamba ipo. Hakikisha, maana nimeona mashine ambazo ilizimwa kwa sababu ilikuwa inapunguza kasi ya kazi za watu. Ikimalizika, soma /sys/block/md0/md/mismatch_cnt, hesabu ya mahali ambapo data na pariti hazilingani. Kwenye RAID 5, na kwenye RAID 6 yenye akiba ya diski mbili, inapaswa kuwa 0. Ukikuta namba kubwa, usikimbilie kuandika "repair" mahali pa "check". Kwenye RAID 5 "repair" hukokotoa pariti upya kutokana na data iliyopo bila kujua kama data hiyo ndiyo sahihi. Tafuta kwanza chanzo: kumbukumbu ya RAM, kebo, au umeme uliokatika.

Pengine umesikia watu wakisema RAID 5 haifai tena kwa diski kubwa, kwa sababu karatasi za diski za kawaida huruhusu kosa moja la kusoma kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 14, ambazo ni TB 12.5. Wewe ukijenga upya unasoma TB 12, kwa hiyo, wanasema, karibu kila ujenzi utashindwa. Sikubaliani na hesabu hiyo kama inavyotumiwa. Namba ile ni kikomo ambacho mtengenezaji anaahidi kutokivuka, na diski nyingi nzima hufanya vizuri kuliko hivyo kwa mbali. Safu inayosomwa yote kila mwezi hupitia TB 16 kila mara, na kwa kawaida hupita bila kosa lolote. Hata hivyo, mwisho wa hoja nakubaliana nao kwa sababu nyingine: RAID 5 ikishapoteza diski moja, kebo iliyolegea au doa dogo linatosha kuangusha kila kitu. Kwa diski nne, mimi ningechagua RAID 6. Utabaki na TB 8 badala ya 12, lakini diski yoyote ikitolewa, bado kuna pariti ya kutibu madoa wakati wa ujenzi. RAID 10, ambayo huweka nakala ya kila diski kwenye jozi yake, nayo inakupa TB 8 na hujengwa upya haraka zaidi, ila ikipoteza diski mbili za jozi moja, safu imekwenda.

Kuhusu SMART kwa jumla, usisome neno lile la mwisho linalosema diski imefaulu. Diski hufaulu hadi siku inapozikwa. Soma namba zenyewe: ya 5, sekta zilizohamishwa, ya 187, makosa yaliyoshindikana kurekebishwa, ya 197, sekta zinazosubiri, ya 198, zilizoshindikana kabisa, na hiyo 199 ya kebo. Uchunguzi wa Google uliochapishwa mwaka 2007, uliofuatilia diski zaidi ya 100,000, ulionyesha kwamba diski ikishakutwa na kosa la kwanza katika ukaguzi wa sahani, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 ya diski isiyo na kosa. Lakini uchunguzi huohuo ulikuta kwamba zaidi ya thuluthi ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa onyo lolote kati ya yale yaliyohesabiwa. Kwa hiyo SMART ikisema kuna tatizo, iamini. Ikinyamaza, usiichukulie kama cheti cha afya.

Weka ufuatiliaji ujiendeshe wenyewe. Kwenye smartd.conf, faili ya mipangilio ya programu inayofuatilia SMART, mstari huu unatosha kuanzia:

DEVICESCAN -a -s (S/../.././02|L/../../6/03) -m root

Maana yake: kipimo kifupi kila siku saa nane usiku, na kirefu kila Jumamosi saa tisa usiku, na barua pepe itumwe kukiwa na hitilafu. Kama barua za root, yaani msimamizi wa mashine, hazikufikii, weka anwani yako mahali pake. Kisha jaribu njia ya barua za RAID yenyewe kwa mdadm --monitor --scan --oneshot --test. Kama barua haikufika, hujajenga ufuatiliaji bado. Nimekuta safu iliyokuwa ikitembea na upungufu wa diski moja kwa miezi, mwenyewe hana habari, kwa sababu barua zote zilikuwa zinaishia kwenye mashine yenyewe. Ipangie ile "check" ya mwezi usiku usio wa Jumamosi ili zisigombanie vichwa vya diski.

Joto nitalisema kwa kifupi, kwa sababu watu hulihofia kupita kiasi. Uchunguzi huo wa Google haukukuta uhusiano mkubwa uliotarajiwa kati ya joto na kufa kwa diski, isipokuwa kwenye joto la juu sana. Ninachohitaji ni feni moja inayopuliza moja kwa moja juu ya diski, nafasi ya kidole kati ya diski na diski, na namba 194, yaani joto kwa nyuzi za Selsiasi, ikae kati ya 30 na 45. Ikipita 50 mara kwa mara, rekebisha.

Mtikisiko, kinyume chake, hupuuzwa. Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg alipiga kelele kwa mdomo mbele ya kabati la diski, na grafu ya muda wa kusubiri ikaruka papo hapo. Kama sauti ya mtu inaweza hivyo, fikiria diski nne zilizofungwa kwa skrubu mbili mbili kwenye bati jembamba, zikitikisana mchana na usiku. Zifunge kwa skrubu zote, weka raba chini ya sanduku, na usiliweke juu ya spika au mahali panapogongwa na mlango.

Kitu kingine kinachochosha diski bila sababu ni kuegesha vichwa. Kuna diski zilizoundwa kuokoa umeme ambazo huegesha vichwa baada ya sekunde 8 tu bila kazi. Seva inayoandika logi kidogo kila nusu dakika itaziegesha na kuziamsha mara 2,880 kwa siku. Diski nyingi za namna hiyo zimekadiriwa kuhimili mara 300,000, nawe utazimaliza kwa siku 104. Tazama namba 193, inayohesabu maegesho hayo. Ikiwa inakimbia hivyo, hdparm -B 254 huzuia tabia hiyo kwenye diski zinazoitii. Kwa sababu hiyohiyo sipendi kuzilaza diski za seva kila baada ya dakika kumi. Ama ziache zizunguke, ama zilale zikikaa saa nyingi bila kazi.

Ukinunua diski nyingine, usinunue nne za duka moja siku moja zenye namba za utengenezaji zinazofuatana, kwa sababu kasoro ya kundi moja hujitokeza kwa zote kwa wakati mmoja. Na uliza kama diski inaandika kwa mistari inayolaliana kama vigae vya paa, yaani SMR. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba baadhi ya diski ziliuzwa hivyo bila wanunuzi kuambiwa. Kwa kusoma hazina neno, lakini ujenzi wa RAID ni uandishi usiokoma, na diski ya namna hiyo ikijaa sehemu yake ya kupokelea inaweza kunyamaza muda mrefu hadi ikatolewa. Kwa RAID, taka CMR, yaani yenye mistari isiyolaliana.

Diski mpya usiiingize kwenye safu siku hiyohiyo. Ipime kwanza kwa badblocks -b 4096 -wsv, ukiwa na hakika kabisa ya jina lake, kwa sababu amri hiyo hufuta kila kitu. Huandika na kusoma sahani yote mara nne, na kwa TB 4 itachukua siku mbili na nusu. Ikimaliza, endesha kipimo kirefu cha smartctl, kisha tazama namba ya 5 na 197. Zikiwa si 0, irudishe dukani ikiwa bado ina dhamana.

Siku ambayo diski imeanza kuonyesha dalili lakini bado inafanya kazi, usiitoe. Watu wengi huichomoa kwa hofu, na kwa kufanya hivyo wanaiondoa akiba yao wenyewe. Unganisha diski mpya pembeni kwanza, iongeze kama ya akiba, kisha:

mdadm /dev/md0 --replace /dev/sdc1 --with /dev/sde1

Md itanakili kutoka diski ya zamani kwenda mpya, na sekta ambayo ya zamani imeshindwa kuisoma itakokotolewa kutoka kwa nyingine. Safu haipungukiwi hata dakika moja. Kabla ya kuchomoa chochote, linganisha namba ya utambulisho kwenye /dev/disk/by-id na ile iliyo kwenye lebo ya diski, maana majina kama sdc hubadilika mashine ikiwaka upya. Mimi huandika tarakimu nne za mwisho kwa kalamu ya wino mzito kwenye ukingo unaoonekana.

Na siku safu ikianguka kabisa kama ilivyokutokea, acha mikono. Usitumie mdadm --create juu ya diski zenye data kwa matumaini kwamba itaitambua safu ya zamani. Mpangilio wa diski ukikosea, au kianzio cha data kikitofautiana, ujenzi utakaofuata utaandika juu ya data yako. Soma kila diski kwa mdadm --examine na ulinganishe hesabu ya matukio. Zikikaribiana, --assemble --force mara nyingi hurudisha safu. Na kama diski ina madoa, inakili kwanza yote kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zenye makosa, kwenda diski nyingine, ufanye majaribio kwenye nakala.

Nakala rudufu tayari umeiona faida yake kwa zile picha. RAID haikukingi na faili uliyoifuta mwenyewe, wala na moto, wala na radi. Chochote ambacho ungelia kukipoteza kiwe na nakala nje ya sanduku hilo, na mara moja moja jaribu kuifungua.

Sasa kuhusu droo. Chukua zile diski tatu moja moja, uziunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa kebo mpya. Usizifute bado: huenda diski iliyotolewa mwezi uliopita, pamoja na ile iliyotolewa kwenye asilimia 71, zikatosha kuirudisha safu yako kwa njia niliyoeleza, ikiwa baada ya anguko hujaunda safu mpya juu ya diski zilizobaki. Ukishajiridhisha kwamba hakuna cha kuokoa, hiyo yenye sekta 8 zinazosubiri iandike yote kwa badblocks. Ikiwa namba 197 itarudi 0 na ya 5 itabaki 0, ningeitumia kwa nakala za ziada, lakini siyo ndani ya safu, nikikumbuka zile siku 60. Ikiwa ya 5 itapanda na kuendelea kupanda kwenye mzunguko wa pili, hiyo ndiyo iliyokuwa inakufa kweli. Nyingine mbili zikitoka safi, utakuwa umejua kwamba ulinunua diski mbili ambazo hukuzihitaji, na kwamba kazi yako sasa iko kwenye kebo, kwenye nyaya za umeme, na kwenye ile skripti ya sekunde 7.